Kihausa na Njia ya Kola

Chimbuko la Kihausa ni miji ya kaskazini mwa Nigeria na kusini mwa Niger: Kano, Katsina, Daura, Zinder. Huko makumi ya mamilioni ya watu wamekulia katika lugha hiyo. Jambo linalotaka maelezo ni jinsi ilivyofika Kumasi, kwenye misitu ya Ghana, na kubaki.

Iliyoifikisha huko ni kola. Mbegu hizi chungu hutafunwa kuondoa uchovu, na kwa kuwa Waislamu waliozuiwa pombe hawakuzuiwa kola, soko la Kano lilizitaka siku zote. Lakini mkola humea msituni, katika nchi ya Waasante. Karne ya 19 misafara ya punda ilipeleka nguo, ngozi na magadi hadi soko la Salaga, kaskazini mwa misitu hiyo, ikarudi na kola. Kola ikinyauka hupoteza bei, ndiyo maana ilifungwa kwenye majani yenye unyevu. Mfanyabiashara aliyefika ugenini hakuwa na muda wa kubahatisha wanunuzi. Alimhitaji maigida: Mhausa aliyekwisha kulowea pale, aliyempa malazi, akamtunzia mzigo, akamtafutia wateja na kumdhamini kwao. Mitaa ya wageni iitwayo zongo, ule wa Kumasi ukiwemo, ikakua kwa mtindo huo, na wageni wa makabila mengine waliohamia humo wakajifunza Kihausa ili wapate riziki.

Hata watawala wapya wa miji ya Kihausa walikifuata. Jihadi ya mwanazuoni wa Kifulani, Usman dan Fodio, iliyoanza 1804, iliwaweka Wafulani madarakani, lakini mijini vizazi vyao vikahamia Kihausa. Binti yake, Nana Asma'u, anastahili kutajwa kuliko majemadari wengi wa vita hivyo. Alitunga tenzi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, kisha akawaandaa walimu wanawake waliozipeleka vijijini, wakawafundisha wenzao dini kwa kuwakaririsha. Kihausa kilikuwa lugha ya elimu, kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kabla Mwingereza hajafika.

Baadaye mpaka wa Waingereza na Wafaransa ukawakata wasemaji wa Kihausa vipande viwili. Herufi za Kilatini zilizoletwa hazionyeshi toni wala urefu wa irabu, ingawa vyote viwili hubadili maana; msomaji huongozwa na muktadha. Gazeti la Gaskiya Ta Fi Kwabo, lililoanzishwa 1939, liliwazoesha wengi kuzisoma.

Mwaka 2025 Niger ilikitangaza Kihausa kuwa lugha ya taifa. Katiba ya Nigeria ya 1999 inakiruhusu katika Bunge la Taifa, pamoja na Kiigbo na Kiyoruba, pale maandalizi ya kutosha yatakapofanyika. Mijadala ingali ikiendeshwa kwa Kiingereza.