JENERETA YA KUENDESHEA SPIKA UWANJANI: TUNUNUE IPI?

Usione vyaelea, vimeundwa. Ukienda arusini, mazishini au kwenye mkutano wa injili hapa kwetu Ainabkoi, utasikia sauti ikivuma hadi ng'ambo ya bonde. Watu humsifu mwenye maiki. Ni wachache wanaozunguka nyuma ya hema kukiona kile kijashine kinachonguruma kwenye nyasi. Mimi nataka tukizungumzie hicho kijashine, maana chama chetu kinachanga pesa kinunue chake cha kutumia kwenye ngonjera na michezo ya kuigiza. Stima ipo, lakini haifiki katikati ya uwanja wa mpira, na mvua ikianza, si unajua, inapotea. Pesa zenyewe ni za wazazi waliouza viazi. Tukinunua kitu kisichoweza kazi, hakuna wa kuturudishia.

Tuanze na wati. Nambari kubwa iliyoandikwa ubavuni si lazima iwe wati. Kuna zile jenereta ndogo zinazoitwa 950. Hiyo 950 ni jina tu la modeli. Nyingi kati ya hizo hutoa wati 650 za kufanya kazi mfululizo. Kila jenereta ina hesabu mbili: wati za juu kabisa, ambazo hustahimili kwa muda mfupi tu, na wati za kawaida, ambazo inaweza kutoa kwa saa nyingi. Uliza hizi za pili. Muuzaji akikujibu "hii ina nguvu, wewe chukua tu", toka uende duka lingine.

Vyombo vya muziki navyo vina maringo yake. Redio huandikwa PMPO 3000 kwa mbele, lakini hizo ni za kujigamba. Geuza amplifaya, usome nyuma karibu na pale waya wa stima unapoingia. Hapo ndipo huandikwa wati inazokula.

Tuchukue mfano. Amplifaya inakula wati 400, mikisa 40, kinanda 20, kompyuta ndogo 60, na kipokezi cha maiki zisizo na waya 20. Jumla ni 540. Ongeza robo, kwa sababu besi ikigonga amplifaya huvuta stima kwa ghafla. Unapata 675, tuseme 700.

Basi mtu wa Mombasa angenunua jenereta ya wati 700 na kwenda zake. Sisi hatuwezi! Ainabkoi iko juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na jirani zetu wa Timboroa wako juu zaidi. Huku hewa ni haba, na injini ya petroli bila hewa ya kutosha haiwezi kuchoma mafuta sawasawa. Watengenezaji husema injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Ukiwa mita 2,600 umepoteza kama asilimia 30. Ile ya wati 650 inabaki 455 hivi, na sisi tunataka 540 kabla ya kuongeza hiyo robo. Ili tupate 700 huku, lazima tununue ya wati 1,000 za kawaida au zaidi.

Mwaka jana kwenye mazishi ya jirani yetu, mashine ya kukodi ilizimika mara tatu. Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa mdomo mtupu, na akina mama waliokaa nyuma hawakusikia lolote. Watu walisema ati petroli ni mbaya. Lakini wakati wa hotuba mashine ilikuwa imetulia. Ilizimika kila kwaya ilipoingia na kinanda. Hiyo si petroli, ni wati.

Ukiona moshi mweusi na plagi yenye masizi, huenda kabureta inamwaga mafuta mengi kuliko hewa yetu. Fundi anaweza kuweka jeti ndogo. Ila mashine hiyo ikipelekwa Kisumu, arudishe ile ya kwanza, ama injini itachemka.

Pia kuna usafi wa stima. Yetu ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Jenereta ya kawaida huizungusha injini mara 3,000 kwa dakika ili ipate hiyo 50. Mzigo ukizidi injini inalegea, volti zinayumba, spika zinaguguma. Ile ya inverta huitengeneza stima upya kwa vifaa vya elektroniki, kwa hivyo injini huweza kwenda polepole mzigo ukiwa mdogo. Haipigi kelele sana, na petroli haiishi upesi. Honda EU22i, kwa mfano, hutoa wati 1,800 za kawaida na ina uzito wa kilo 21 hivi. Wanafunzi wawili wanaibeba. Ubaya wake ni bei. Pesa zisipotosha, mimi ningechukua ya kawaida ya wati 2,000 yenye kidhibiti volti. Ile 950 hapana.

Tuiweke mbali na watu, hatua thelathini hivi, kwa waya mnene, maana waya mwembamba mrefu humeza volti na kupata moto. Hata mvua inyeshe vipi, isiingizwe darasani wala kwenye hema lililofungwa: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Kuongeza petroli, zima kwanza uingoje ipoe.

Siku ya kununua, tubebe amplifaya yetu hadi dukani Eldoret, tuwashe kila kitu na tupige besi kwa nusu saa. Eldoret ni mita 2,100 tu. Mashine ikihangaika huko, huku haitaweza.