Silaha Iliyo na Hesabu: Mchezo wa Matatu Jinja na Mbale

Msafiri ashukaye Jinja, mji uliosimama pale mto Nile unapotoka ziwani, au aufikiaye mnara wa saa wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, aghalabu huwakuta waendesha boda boda wakingojea abiria kivulini, wawili wamekabiliana juu ya kiti cha pikipiki, karata mikononi. Na asiye na mwenzake hucheza na simu yake, kwani mchezo huo wa matatu umekwisha kutiwa katika programu na Kola Studios, kampuni ya Kampala.

Taratibu zake si ngumu. Kila mmoja hugawiwa karata 7, na karata moja huwekwa wazi chini ya fungu, iwe ya kukatia. Hutupwa karata iliyo sawa na ile ya juu kwa aina au kwa namba, na amalizaye kwanza ndiye mshindi. Lakini zimo zilizo silaha: mbili humlazimisha hasimu kuokota karata 2, nane na ghulamu humnyima zamu, ree humpa mtupaji hiari ya kuchagua aina itakayofuata, kopa, uru, pau au shupaza, na saba ya aina ya ile karata ya kukatia huusimamisha mchezo papo hapo, kila mtu akahesabu alichobaki nacho, mwenye kidogo akashinda.

Hapo ndipo penye tadbiri, na ndipo ninapoustahi mchezo huu kuliko michezo mingi ya video ya ughaibuni. Katika Super Mario Kart, mashindano ya magari yaliyotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1992, silaha huokotwa njiani, na mwenye nayo aweza kuishikilia pasipo kutozwa kitu. Katika matatu silaha ina gharama: mbili huhesabiwa 20 na ree 15, ilhali tatu ni 3 tu.

Tuseme karata ya kukatia ni tano ya shupaza. Mchezaji mmoja, aliyeificha mbili ya kopa tangu mwanzo akiingojea saa ya kumwangamiza mwenzake, anatupa kwa furaha tisa ya shupaza, amebakiza ile mbili peke yake. Mwenzake, mwenye tatu, nne na saba ya shupaza, anaitupa saba. Mchezo umekwisha, 7 kwa 20.

Wala haraka si dawa. Ukimtupia mbili hasimu mwenye karata nyingi, waweza kumwokotesha ghulamu, au saba ile ile ya kukatia. Mbili huuma hasa anapobakiwa na karata moja au mbili. Kuna mmoja tu awezaye kuzilimbikiza silaha zake bila hofu ya kukatwa ghafla, naye ni yule aliyeishika saba hiyo mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kukata. Kwa hiyo mchezaji mzoefu, kabla ya kuigusa mbili yake, hujiuliza kwanza saba iko kwa nani.