Chipu ya 1978 iliyompata sika wa mjomba

Mjomba wangu ni mpiga ganuni. Kinanda cha umeme kikipigwa harusini, hukunja uso. "Wimbo ni wa Rast," husema, "lakini sika hayumo." Kwa miaka mingi niliyachukulia kuwa manung'uniko ya wazee. Nilikuja kumwelewa kwa kuchezea kidude chenye miguu 40.

Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu, ndiyo sika, hukaa karibu katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Mpiga udi husogeza kidole akaipata. Kinanda cha kawaida kina sauti 12 tu kutoka do hadi do, na sika hana kitufe.

Kidude changu ni AY-3-8910, chipu ya sauti ya kampuni ya General Instrument ya Marekani, ya mwaka 1978. Chipu za jamii yake ziliimba ndani ya kompyuta za miaka ya 1980 kama ZX Spectrum 128 na MSX. Hutoa sauti tatu kwa pamoja. Ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilikuja bubu. Ya pili ikaitika.

Niliipa umeme wa volti 5 na kibao cha Arduino cha kuipelekea namba. Huingiziwa mapigo 2,000,000 kwa sekunde, ikayagawa kwa 16, yakawa 125,000. Kisha huyagawa tena kwa namba niiandikayo mimi, kati ya 1 na 4095. Jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Nikiandika 284 napata takriban 440, sauti ambayo wanamuziki wengi hulinganishia vyombo vyao.

Nikaanza Rast kwenye do, namba 478. Kitufe cheusi kilicho chini ya sika ni 402, na cheupe kilicho juu yake ni 379. Chipu haijui vitufe, inajua namba tu. Nikaandika 390.

"Mjomba, sikiliza hii."

Akafumba macho. "Hapo, mwanangu. Hapo hapo."

Kasoro zipo. Sauti yake ni ya nyuki ndani ya kopo, haina utamu wa uzi. Tena sauti zikipanda juu sana, hatua kati ya namba na namba huwa pana mno, sika akaponyoka. Haiwezi kushika nafasi ya ganuni.

Lakini vinanda vingine vya leo vina sehemu ya kurekebisha kila sauti peke yake. Enyi vijana mnaopiga harusini, itafuteni. Namba mtazikuta huko. Sikio la kujua ni namba ipi wanalo wazee wetu, na wa kwangu ana miaka 74.