Bata la Moro Linaanza Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Oya wanangu, tuambiane ukweli. Kila kundi la washkaji Daslam lina ule mjadala wa "wikiendi hii tuzame Moro." Jumatatu mzuka umepanda. Jumatano kuna mtu katuma picha ya mlima. Alhamisi sistaduu mmoja anauliza kama hoteli ina bwawa la kuogelea, na Ijumaa nusu ya wana wameshachomoa. Sasa hao wachache wanaotia timu, wengi wakifika wanafanya yale yale ya Sinza: kiti cha plastiki, nyama choma, muziki juu, kulala. Mlima wa Uluguru uko pale pale, mkubwa kinyama, na wao wameupa mgongo mchana kutwa.

Kisingizio cha foleni kilikufa tarehe 14 Juni 2024, siku treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Moro. Zamani ilikuwa Kimara imegoma, Kibaha imegoma, ukifika Chalinze umeshazeeka nyuma ya lori la saruji. Sasa Ijumaa jioni unatoka kazini, unakamata behewa, na hata masaa mawili hayakatiki upo Moro. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na 13,000, yaani msimbazi na buku tatu, kwenda tu. Ila wana wajue mambo mawili: tiketi inaenda na kitambulisho, na ule mchuma wa umeme hausubiri mtu anayemalizia kupaka losheni. Stesheni iko Kihonda, siyo mjini kati, kwa hiyo tengeni hela ya bajaji.

Tukishafika ndipo kazi inaanza, kwa sababu Moro ina ratiba yake na haijaandikwa na nyie. Alfajiri vilele vya Uluguru vinaonekana safi kabisa, unaweza kuhesabu miti. Jua likipanda, upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unaukuta mlima, unalazimika kupanda, ukifika juu unapoa na kugeuka mawingu. Mara nyingi mchana ukikolea kilele kimeshavaa kofia. Ndiyo maana upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua inapiga kuliko mjini, na migomba na minanasi inajiachia tu. Kwa hiyo kundi linaloamka saa nne, likanywa supu hadi saa sita, halafu ndipo likaulizana "mlimani tunaenda saa ngapi," limeshazingua. Mlima ni wa asubuhi. Msosi mchana, matembezi ya kivivu jioni. Mengine yote ni mapambo.

Kwa kundi mchanganyiko, mlima wenyewe uwe Morningside. Najua kuna brazameni mmoja kwenye kila msafara anayetaka kilele cha Lupanga, kwa sababu kaiona mtandaoni na kanunua raba mpya. Lupanga inapita mita 2,100, mji uko kama mita 500, sasa piga hesabu hiyo kwa miguu: msitu mnene, mizizi, utelezi, siku nzima imeliwa. Wakiwa wanne wenye mazoezi, freshi, waende. Wakiwa kumi na wawili, watatu kati yao wamekuja na ndala, hapo utakuwa unaongoza maandamano ya wagonjwa. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa mwisho, na yule wa mwisho akimaindi, wikiendi nzima inaoza.

Morningside ina ustaarabu. Mnaanza mjini saa 12 asubuhi, mnapita upande wa Boma, barabara inageuka vumbi, vumbi linageuka mawe, mkipumzika pumzika ni masaa mawili au matatu hadi kwenye jengo moja la zama za Mjerumani. Pale unageuka na kuona mji wote umelala chini na tambarare inaenda hadi macho yachoke. Nani kachoka njiani? Bodaboda zinapanda hadi sehemu kubwa ya njia, aipungie moja mkono, aibu hakuna. Wenye pumzi wanaweza kuitazama Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, lakini hiyo ni safari nyingine juu ya safari.

Halafu utamu wenyewe wa ile njia ni watu. Wakati nyie mnapanda mnahema, akina mama wa Kiluguru wanateremka na matenga ya ndizi na mboga kichwani, wanaenda sokoni, wanapiga stori, wala jasho halionekani. Toa shikamoo, kaa pembeni, mpishe. Yeye yuko kazini, wewe uko kwenye bata. Na masela wanaopenda kuvimba kwamba mwanaume ndiye mwenye shamba, kwa taarifa yenu Waluguru wanafuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo inakwenda na upande huo huo. Mkaliongelee hilo huku mnatafuna mahindi ya kuchoma.

Mkitaka kuingia ndani ya msitu wenyewe, siyo kupita pembeni, ile ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008 na inasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kibali na kiongozi wa njia vitafutwe Ijumaa, siyo pale getini mnaanza kulia njaa. Spika ya muziki ibaki geto. Sisemi hivyo kwa ubaya, ila kuna mimea na vyura na ndege mle ambao hawapatikani popote pengine duniani, na hakuna hata mmoja aliyeomba singeli. Chupa tupu zirudi nanyi. Maji yanayotoka kwenye vile vijito yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar. Yaani unachokitupa pale juu, kiaina unajitumia mwenyewe Tabata.

Wale ambao magoti yamegoma kabisa hawajakosa kitu. Chini ya mlima kuna kona za kukaa kando ya kijito, mawe makubwa, kivuli, maji ya baridi ya kutumbukiza miguu. Wakutane na wenzao mchana kwenye msosi.

Mikumi? Hapana, safari hii hapana. Hifadhi ni kali, ipo tangu 1964, na ukiwa na bahati unaona tembo ukiwa kwenye barabara kuu tu. Lakini ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka Moro, ndinga ya kukodi, kiingilio, siku nzima kwenye siti. Ukiichomeka kwenye wikiendi ya siku mbili unakuwa umekuja Moro kulala tu. Ipangieni wikiendi yake.

Jioni ya Jumamosi, jua likilegea, pandeni bajaji hadi Mazimbu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) inayobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Pale ndipo wapigania uhuru wa ANC walipojenga shule yao ya ukimbizini miaka ya 1970, na hadi 1992 walipokabidhi kila kitu kwa Tanzania, vijana waliokimbia Soweto walisoma, wakalima, wakacheza mpira hapo. Wengine hawakurudi kwao, makaburi yapo. Pametulia, miti mingi, mnatembea taratibu. Nimeona makundi yenye kelele yakiingia pale na sauti ikishuka yenyewe, hakuna aliyewaambia.

Na kama kuna mtu anaweza kuiba siku ya Ijumaa kazini, akapige stori na panya. Siyo utani. Shirika la APOPO liko SUA, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Dogo mmoja kutoka hapo, Magawa, alipelekwa Kambodia, akanusa mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Panya huyo! Mazoezi ya uwanjani ni asubuhi mapema kabla jua halijachoma, kwa hiyo wasilianeni nao kabla, msije mkafika saa tano mkakuta mastaa wamelala.

Mpunga sasa. Mchague mtunza hela mmoja, asiwe yule anayelewa wa kwanza, na michango iingie kwenye simu yake kabla tiketi hazijakatwa. Asiyechanga hadi Jumatano ameshachomoa, mpotezeeni bila maneno. Mkate wa bajeti muugawe kwenye usafiri, kulala, kiongozi wa mlima na msosi, halafu kila mtu ajinywee kwa mfuko wake. Ugomvi mwingi wa safari za kishkaji unazaliwa kwenye bili ya vinywaji, na asiyekunywa anaambiwa achangie kwa sababu "tuko pamoja." Miezi ya Machi hadi Mei masika inapiga kweli kweli, njia zinateleza balaa, Juni hadi Septemba ni kavu na asubuhi kuna kibaridi, beba sweta.

Jumapili msijaze mambo. Amkeni, nendeni Soko Kuu la Chifu Kingalu, jina la machifu wa Kiluguru kule Kinole, mkakutane na zile ndizi zilizowapita njiani jana, mkanunue na nanasi la kumpelekea bimkubwa. Tiketi ya kurudi iwe ya jioni. Ukikata ya asubuhi ulikuja kikazi.