Kusafisha Paa Kusikuvunje Mgongo

Jumamosi moja, mvua ya masika ikiwa imetulia kidogo, niliitwa kumtazama mwanamume aliyeletwa kliniki amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, magoti yamekunjwa. Alikuwa amepanda paa la nyumba yake kuparua ukijani ulioota juu ya vigae, akateleza, akaangukia saruji. Mfupa mmoja wa uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na ile safari ya kukunjwa garini nusura imwache kiwete.

Mtu akianguka hivyo, msimkalishe wala kumkunja. Shikilieni kichwa chake kisitikisike, ambulansi itafutwe. Ikikosekana, mbebeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa.

Mpenzi msomaji, ukijani wenyewe haujaniletea mgonjwa hata mmoja. Manyoya yale ya kijani ni kuvumwani. Madoa meusi yanayoteremka kwenye vigae vya lami, vinavyoonekana siku hizi katika baadhi ya mitaa mipya ya Nairobi, ni mwani mdogo mno. Vyote hupenda kivuli na unyevu. Kuvumwani hushika maji na kuinua kingo za vigae. Paa likianza kuvuja na dari ikaota ukungu, mwenye pumu huteseka. Kwa hiyo kuisafisha kuna maana, ila si kwa papara.

Paa likiwa limelowa, usilipande. Ngazi yenye urefu wa mita nne, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani, na mtu aishike. Paa likiwa na mwinuko mkali, tafuta fundi mwenye kamba ya kujifunga, wala usikubali apande bila kamba hiyo eti kwa kuwa anakulipisha nafuu.

Kwa vigae vya lami, watengenezaji wa Marekani hushauri jiki na maji kwa vipimo sawa, ipakwe, iachwe dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji ya mkondo wa pole. Mashine ya presha hubandua chembechembe za mawe zinazoilinda lami. Kuvumwani haitang'oka siku hiyo. Hufa, ikadondoka yenyewe baadaye. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho.

Wako wanaoongeza asidi ya betri au dawa ya choo ili "ikolee." Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kifua kikianza kuwasha, kimbilia hewa safi, kisha nenda hospitali hata ukijisikia nafuu, maana mapafu yaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Ikiwa nyumba yako ni ya zamani na paa ni la asbestosi, usiliparue kabisa. Nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani baada ya miaka mingi. Tangu 2006 kanuni za Kenya huzihesabu taka zake kuwa hatari, na kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA.

Na kabla ya tone la kwanza la jiki, chomoa bomba linaloteremsha maji ya mvua kwenye tangi lako. Lirudishe baada ya mvua mbili nzito kuosha paa.