Ukipanda Meli Luxor, Upite Kwanza kwa Jirani

Wanaokwenda Misri kusafiri kwa meli za kitalii za Mto Nile huambiwa mengi kuhusu mahekalu na jua kali. Ni nadra kuambiwa kwamba hapo Luxor, kabla hujafika chumbani kwako, huenda ukalazimika kupita ndani ya meli za watu wengine.

Gati ni fupi, meli ni nyingi. Kwa hiyo hufungwa kamba ubavu kwa ubavu, tatu, nne, pengine zaidi, na ni ile ya kwanza tu inayogusa ukingo. Unateremka ngazi za gati, unavuka ubao, unajikuta kwenye mapokezi ya meli usiyoijua: sakafu inayong'aa, taa kubwa ya vioo, wazee wa Kizungu wakinywa kahawa bila hata kukutupia jicho. Unatokea mlango wa pili. Hapo pana upenyo mdogo, maji meusi yanacheza chini yake, halafu mapokezi mengine, yenye manukato tofauti. Wapagazi wanakupita wakiwa na masanduku mabegani, hawapunguzi mwendo hata kwenye ubao. Bakshishi yao iwe mkononi mapema, kwa noti ndogondogo.

Ukifika kwako, unapewa glasi ya karkadeh baridi, ambayo Mtanzania ataitambua mara moja: ni rosela. Pasipoti inabaki mapokezi, nawe unapewa ufunguo. Likariri vizuri jina la meli, maana ukirudi jioni kutoka hekalu la Karnak utakuta safu imepangwa upya, na iliyokuwa ya tatu sasa ni ya kwanza. Pazia la dirishani usilifungue kwa pupa pia. Mara nyingi kinachoonekana ni pazia la jirani, na huenda jirani mwenyewe.

Biashara hii si ya jana. Mwandaaji wa safari Thomas Cook alileta watalii wake wa kwanza kwenye mto huu mwaka 1869, enzi za meli za mvuke. Siku hizi safari ya kawaida ni kati ya Luxor na Aswan, zaidi kidogo ya kilomita 200, pamoja na vituo vya Edfu na Kom Ombo. Kwenda Aswan ni kuelekea kusini, na ndiko kupanda mto, kwa kuwa Nile inatiririka kwenda kaskazini. Msafiri wa Mwanza au Jinja anaweza kujidai kwamba sehemu ya maji yale imetoka kwao, ila asizidishe: mengi zaidi yanatoka Ethiopia.

Raha yenyewe iko njiani, huko Esna, meli zinapopanga foleni kupita kwenye milango ya maji. Wachuuzi wanakuja kwa vimashua, wanajifunga kwenye meli kwa kamba, kisha wanarusha kanzu na vitambaa vya meza hadi sitaha ya juu, vikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Ukikipenda kitu, mnapatana bei kwa kupiga kelele, halafu unatia pesa mfukoni humo na kuurusha chini. Aliyezoea soko la Kariakoo hatapunjwa bei. Cha kumshinda labda ni shabaha.