Matibabu ya uzazi: Hatari inayoweza kumfuata mwanamke hadi Juba

Kwa wanandoa wa Juba wanaosafiri hadi Nairobi au Kampala kutungishiwa mimba nje ya mwili, hatari moja huweza kujitokeza wakiwa wamekwisha kurejea nyumbani: ovari kuitikia dawa kupita kiasi.

Katika matibabu haya mwanamke hudungwa homoni kwa siku kadhaa ili mayai mengi yakue kwa pamoja, kisha hupewa sindano ya mwisho ya kuyakomaza, mara nyingi homoni ya hCG. Kwa baadhi ya wanawake, sindano hiyo huzifanya ovari zitoe kemikali zinazolegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Maji huvuja na kujaa tumboni. Damu inayobaki huwa nzito na huweza kuganda, na figo huathirika.

Wengi hupata maumivu madogo tu. Walio hatarini zaidi ni wanawake wenye umri mdogo, wenye vifuko vingi kwenye ovari, na waliowahi kupatwa na hali hiyo.

Kinga huanza kabla ya sindano ya kwanza. Kipimo cha homoni ya AMH na picha ya ultrasaundi humwonyesha daktari nani aanzishiwe dozi ndogo. Katika baadhi ya mipango ya matibabu, hCG huweza kubadilishwa na dawa ya kundi la GnRH, ambayo athari yake hupita upesi. Vidonge vya kabergolini navyo hupunguza uvujaji.

Ushauri mgumu zaidi ni kugandisha viinitete vyote na kuahirisha upandikizaji. Sababu ni kwamba mimba yenyewe huzalisha hCG, na hivyo huweza kuamsha tatizo siku 10 au zaidi baada ya sindano ile. Kwa aliyekwisha kulipia nauli na malazi, kuambiwa arudi baada ya miezi ni pigo, ingawa ni afadhali kuliko kuugua mbali na kliniki iliyomtibu.

Daktari wa Juba asiyeijua historia hiyo anaweza kudhani ni kidole tumbo au mimba iliyotunga nje ya kizazi, au akatoa dawa za kuongeza mkojo, ambazo huweza kuzidisha upungufu wa maji katika damu. Kwa hiyo mgonjwa aondoke kliniki na barua yenye majina ya dawa na tarehe ya sindano ya mwisho. Tumbo likivimba haraka, uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukipungua, au pumzi ikibana, aende hospitali siku hiyo hiyo.